Uyoga wa Porini: Upi Uchume, Upi Uuache

Mvua zikishashika kusini na magharibi mwa Tanzania, kando ya barabara za Tabora, Iringa na Songea huanza kuonekana ndoo na masinia ya uyoga. Wauzaji wengi ni kina mama na watoto walioingia msituni alfajiri. Msafiri anasimamisha gari, anauliza bei, halafu anauliza lile swali la kila mwaka: "Mama, huu hauna sumu?" Anajibiwa, "Huu tunakula." Kwa yule mama jibu limetosha. Anaufahamu uyoga ule tangu utotoni, anajua unaota chini ya mti gani na baada ya mvua ya namna gani, na watu wa kwao wameula vizazi na vizazi. Wasiwasi wangu ni kwa msafiri. Wiki mbili baadaye ataona uyoga unaofanana na ule kwenye nyasi za uani kwake Dodoma, au chini ya misonobari ya Mafinga, au kwenye bustani ya mji wa Ulaya alikokwenda kusoma, naye atadhani anaujua.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mtu huyo. Sitaorodhesha kila uyoga wenye sumu. Nitaweka pamoja ile inayochanganywa kweli, ubavu kwa ubavu, na kusema ni alama ipi ya kuitegemea na ipi haina uzito. Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: asiye na mwalimu wa mahali pale aanze na uyoga mmoja tu wa porini, ule mkubwa wa kichuguu, tena baada ya kuufukua mpaka chini. Mwingine wote usubiri mwalimu. Na lipo kundi moja ambalo mgeni asiliguse kabisa.

Kwanza tuelewane kuhusu viungo. Juu kuna kofia. Chini ya kofia kuna matamvua, zile kuta nyembamba zilizopangana kama kurasa za kitabu, zinazodondosha spora, yaani chembe za uzazi zilizo ndogo kama vumbi. Kisha shina. Kwenye shina panaweza kuwa na pete, kipande cha ngozi kilichobaki kofia ilipofunguka. Chini kabisa, mara nyingi ndani ya udongo, panaweza kuwa na kikombe, mabaki ya ganda lililoufunika uyoga mzima ulipokuwa mchanga. Mchumaji anayekata shina kwa kisu usawa wa ardhi anakiacha kikombe udongoni, na pamoja nacho anaacha alama ambayo ingeweza kumwokoa. Kwa hiyo uyoga usioujua ufukue kwa kijiti au panga, usiukate.

Wa kichuguu na wa matamvua ya kijani

Uyoga wa kichuguu ni kundi ambalo wanasayansi huliita Termitomyces, na mkulima wake ni mchwa. Mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa hukusanya majani makavu na vipande vya miti wasivyoweza kuvimeng'enya vizuri peke yao. Huvitafuna, wakajenga navyo bustani zenye matundu matundu ndani ya kichuguu, na juu ya bustani hizo hukuza nyuzi za uyoga. Nyuzi hulainisha mti, mchwa wakala. Mvua zinapoanza, bustani hizo huchipua, na chipukizi lina kazi ya kutoboa udongo mgumu kutoka chini mpaka juani.

Kazi hiyo ndiyo inayoupa uyoga huu alama zake mbili kubwa. Katikati ya kofia kuna ncha ngumu iliyochongoka, ndiyo iliyotoboa udongo. Na chini ya shina kuna mzizi mrefu unaozama kuelekea kwenye bustani ya mchwa, wakati mwingine hata nusu mita. Ukubwa wa kofia hutofautiana sana kati ya spishi na spishi. Termitomyces titanicus, iliyoelezwa kisayansi mwaka 1980 kutokana na uyoga wa Zambia, kofia yake huweza kufikia upana wa mita moja.

Unaochanganywa nao ni Chlorophyllum molybdites, ambao hapa nitauita uyoga wa matamvua ya kijani. Upo karibu kila mahali penye joto duniani, na hupenda nyasi: bustani za nyumba, viwanja vya mpira, malisho ya ng'ombe. Ni mkubwa, mweupe, unavutia, hauna harufu ya kutisha, na mara nyingi huota mwingi kwa pamoja, kiasi cha kumfanya mtu aone amebahatika. Ndio hasa unaowapata watu wa mjini, maana hauhitaji msitu.

| Cha kuangalia | Mkubwa wa kichuguu | Wa matamvua ya kijani |
|---|---|---|
| Mahali | Juu ya kichuguu au pembeni yake | Nyasi za wazi, mjini na vijijini |
| Kofia | Ncha ngumu katikati; nyeupe, kijivu au kahawia | Haina ncha; nyeupe yenye magamba ya kahawia |
| Matamvua | Meupe, baadaye waridi hafifu | Meupe, baadaye ya kijani kijivu |
| Pete | Spishi nyingi hazina | Ipo, na huweza kusogezwa juu na chini ya shina |
| Chini ya shina | Mzizi mrefu unaoingia kichuguuni | Uvimbe kidogo, hakuna mzizi |
| Vumbi kwenye karatasi | Waridi hafifu | Kijani |

Mistari ya jedwali hili haina uzito sawa. Mahali ndiyo alama ninayoiamini kidogo kuliko zote, ingawa ndiyo inayotajwa kwanza na kila mtu. Kichuguu kilichozungukwa na nyasi hakizuii uyoga mwingine kuota hatua mbili kutoka hapo, na kichuguu cha zamani kinaweza kuwa kimesawazishwa na trekta au kujengewa ua, uyoga wake ukaendelea kuchomoza mahali ambapo huoni kilima chochote. Magamba ya kahawia nayo huoshwa na mvua kubwa. Rangi ya matamvua nayo inadanganya. Uyoga wa matamvua ya kijani ukiwa mchanga una matamvua meupe safi, na ukijani hujitokeza baadaye kabisa, spora zinapokomaa. Mtu huchuma mchanga kwa sababu ndio laini, na hapo ndipo anapoukosa ushahidi.

Mstari ninaouamini ni wa mzizi, ukifuatiwa na wa vumbi la spora, ambalo jaribio lake nitalieleza mbele kidogo. Fukua taratibu pembeni ya shina. Kama shina linaendelea kushuka, likizidi kuwa jembamba na jeusi au la kahawia, na kijiti chako kinafuata mzizi huo ndani ya udongo wa mchwa, uko kwenye njia sahihi. Kama shina limeishia kwenye uvimbe usawa wa udongo, acha, hata kama umesimama juu ya kichuguu chenyewe.

Mzizi peke yake haujatosha, ndiyo maana nasema ufuatiwe na vumbi. Kuna uyoga mwingine wenye mzizi, unaofuata kipande cha mti kilichofukiwa, lakini vumbi lake ni jeupe. Na vumbi la waridi peke yake halitoshi pia, kwa sababu lipo kundi la Entoloma ambalo vumbi lake ni la waridi na ndani yake mna spishi zenye sumu. Zile hazina mzizi wa kwenda kichuguuni. Alama zote mbili zikikutana, mzizi mrefu na vumbi la waridi, pamoja na ile ncha ya katikati, sijui uyoga wenye sumu unaozibeba zote.

Tahadhari moja ndani ya kundi hilihili. Upo uyoga mdogo wa kichuguu, Termitomyces microcarpus, wenye kofia za sentimita mbili hivi, unaotokea kwa mamia kama zulia jeupe. Huu hauna mzizi mrefu, kwa sababu huota kwenye vipande vya bustani ambavyo mchwa wamevitoa nje na kuvitandaza juu ya ardhi. Ni mtamu na watu wengi wa Afrika Mashariki wanaupenda. Lakini kwa mgeni umepoteza alama kuu, na uyoga mdogo mweupe ni uwanja wenye spishi nyingi, baadhi zikiwa na muskarini, sumu inayomtoa mtu jasho na mate na kupunguza mapigo ya moyo. Kwa hiyo ule mkubwa nasema uchume ukishathibitisha. Huu mdogo ununue kwa mama anayeuchuma kila mwaka, au uuache.

Jaribio la karatasi

Vumbi hupatikana hivi. Chukua uyoga uliokwisha kufunguka, kata shina karibu na kofia, laza kofia matamvua yakitazama chini juu ya karatasi ambayo nusu ni nyeupe na nusu ni nyeusi, kisha ifunike kwa bakuli. Iache saa chache, au usiku kucha kama hewa ni ya baridi. Ukifunua utakuta mistari ya vumbi laini. Karatasi ya rangi mbili inahitajika kwa sababu vumbi jeupe halionekani kwenye karatasi nyeupe.

Ukijani ukitokea, jibu umepata: tupa, unawe mikono. Ukitokea waridi, rudi kwenye mzizi. Vumbi jeupe ndilo watu wanalolielewa vibaya, wakidhani weupe ni usafi. Vumbi la Amanita phalloides, uyoga ulioua watu wengi kuliko mwingine wowote duniani, ni jeupe. Jaribio hili lina uwezo wa kukukataza. Kukuruhusu peke yake haliwezi. Na uyoga mchanga ambao haujafunguka hautoi vumbi lolote, hivyo kama huwezi kuupima usiuingize sufuriani pamoja na ndugu zake wakubwa.

Wenye pete na kikombe

Hapa ndipo palipo na hatari ya kweli. Wa matamvua ya kijani humtapisha na kumharisha mtu vibaya, na kwa mtoto mdogo unaweza kuwa jambo zito, lakini watu wazima wengi huinuka. Amanita phalloides huua.

Ukisoma maandishi ya Ulaya utakuta kanuni fupi: uyoga wenye matamvua meupe, pete na kikombe, usiguse. Ukienda nayo kwenye misitu ya miombo utashangaa, kwa sababu watu wa huko wanakula uyoga wa jamii ya Amanita, ndugu za phalloides, tena kwa kuzipenda. Zambia, Malawi na kusini mwa Tanzania huuzwa barabarani spishi za Amanita zenye kofia kubwa, pete na kikombe kamili. Moja ina jina la nyumbani kabisa, Amanita masasiensis, iliyoelezwa mwaka 1994 na Marja Härkönen, mtaalamu wa uyoga kutoka Finland, pamoja na mwenzake Saarimäki. Härkönen alifanya kazi miaka mingi Tanzania akishirikiana na mtaalamu wa mimea Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya yale yaliyoandikwa kuhusu uyoga wa nchi hii yalianzia kwa wanavijiji waliowaonyesha wanachokula.

Mwaka 2019 lilitokea jambo lililonivutia zaidi. Watafiti walieleza spishi mpya, Amanita bweyeyensis, iliyopewa jina la Bweyeye nchini Rwanda na kuonekana pia Burundi na Tanzania. Kwa ukoo imo katika kundi lilelile la Amanita phalloides, kundi la wauaji. Lakini wenyeji walikuwa wakiila, na ilipopimwa haikukutwa na sumu zile. Wenyeji walikuwa sahihi, na mtu mwenye kanuni ya Ulaya mkononi angewaambia wanakaribia kufa.

Sasa igeuze hali hiyo. Mtu aliyelelewa na uyoga huu mwema anahamia mahali palipo na ndugu yake mbaya. Hicho ndicho kilichowapata wakimbizi kutoka Syria nchini Ujerumani mwaka 2015. Walichuma Amanita phalloides wakidhani ni uyoga wa kwao, na hospitali ya chuo kikuu mjini Hannover ikapokea makumi yao. Mtanzania, Mkongo au Mrundi anayeishi Ulaya au Amerika Kaskazini yuko kwenye hatari ileile, hasa kama kwao alikuwa mchumaji hodari. Uhodari wake ni wa miombo. Chini ya mwaloni wa Ulaya haujui chochote.

Na si lazima mtu apande ndege. Amanita phalloides huishi kwa kushikamana na mizizi ya miti fulani, na imesafiri duniani pamoja na miche ya miti hiyo. Imerekodiwa Afrika Kusini chini ya mialoni, na katika mashamba ya misonobari Afrika Kusini na Tanzania. Misonobari, ambayo wengi huiita paini, si mti wa asili ya hapa, na uyoga unaoota chini yake huenda ulikuja nao. Bibi aliyejua kila uyoga wa msitu wa kijiji chake hakurithishwa lolote kuhusu shamba la paini lililopandwa baadaye.

Ukiweka Amanita ya miombo inayoliwa pembeni ya Amanita phalloides, utaona mambo haya. Zote mbili zina matamvua meupe au ya rangi ya maziwa. Zote zina pete inayoning'inia. Zote zina kikombe chini, na zote hutoa vumbi jeupe. Phalloides mara nyingi ina kofia ya kijani iliyochanganyika na njano au shaba, inayong'aa ikilowa, lakini hupauka na wakati mwingine huwa nyeupe kabisa. Za miombo zipo nyeupe, za krimu na za kahawia. Kinachobaki kama tofauti thabiti ni mti uliosimama juu yake, na mtu anayeujua uyoga wa pale. Kwa ajili hiyo nasema mgeni asiliguse kundi hili lote. Hata mimi ninayependa sana uyoga wa miombo, Amanita naila pale tu ninapopikiwa na mwenyeji, katika kijiji chake, uliotoka katika msitu wake.

Wa njano

Hapa sitakaa sana. Miombo ina utajiri wa uyoga wa njano na wa chungwa wa jamii ya Cantharellus, nao ni miongoni mwa ule salama zaidi kujifunza kwa mwaka wa pili, ukishaonyeshwa. Chini ya kofia hauna matamvua ya kweli. Una mikunjo minene iliyogawanyika kama njia panda, inayoteremka kwenye shina na isiyobanduka bila kuchana nyama. Huota ardhini. Uuweke pembeni ya uyoga wowote wa chungwa uliosongamana juu ya gogo au kisiki, wenye matamvua membamba yaliyotengana vizuri, na huo wa gogo uuache. Kasoro ni kwamba baadhi ya spishi za hapa, kama Cantharellus platyphyllus, mikunjo yake ni mirefu hata inakaribia kuonekana kama matamvua, hivyo anayejifunza kwa picha za Ulaya atatupa uyoga mwema. Kutupa mwema si hasara kubwa.

Mzee, simu au kijiko?

Watu wana njia nyingi za kujihakikishia, na zinahitaji kulinganishwa kama tulivyolinganisha uyoga wenyewe.

Njia za jikoni zianze, kwa sababu ndizo zinazoua. Kuna wanaoweka kijiko cha fedha au sarafu sufuriani wakisubiri kiwe cheusi, wengine kitunguu, wengine mchele. Fedha huwa nyeusi kwa salfa, hata yai huiweka weusi, na amatoksini, sumu ya Amanita phalloides, haibadilishi rangi ya fedha, kitunguu wala mchele. Kuna wanaosema uyoga ulioliwa na konokono au wadudu ni salama, lakini konokono hula phalloides na kuendelea na safari. Kuna wanaomenya ngozi ya kofia, au wanaochemsha na kumwaga maji mara mbili. Amatoksini haiharibiwi kwa kuchemsha, kukaanga, kukausha wala kugandisha. Wapo pia wanaoonja kidogo kwanza. Wahenga walisema sumu haionjwi, na kwa uyoga huu ni kweli kwa sababu nyingine ya ziada: waliougua na kupona wamesimulia kwamba ulikuwa mtamu.

Programu za simu zinapendwa na vijana, na nakubali zinasaidia kujifunza majina. Lakini mwaka 2023 ulichapishwa utafiti kutoka jimbo la Victoria, Australia, uliojaribu programu tatu kwa picha za uyoga uliokwisha tambuliwa na wataalamu. Iliyofanya vizuri zaidi ilipatia asilimia 49, na mbili zilizobaki asilimia 35 kila moja. Tena huko ni nchi yenye picha nyingi mtandaoni. Uyoga wa miombo picha zake ni chache mno, na programu isiyouona uyoga wetu itakupa jina la jirani yake wa Ulaya bila kusita. Simu pia haiwezi kufukua mzizi wala kusubiri vumbi. Itumie nyumbani kwa kujifunza. Uamuzi wa kula usiiachie.

Mwenyeji wa mahali, mama au mzee anayechuma kila msimu, ndiye bora kati ya wote, kwa sharti moja ambalo watu hulisahau: awe katika msitu wake. Mwulize maswali yanayofungua ujuzi wake. Badala ya "Huu unaliwa?", mwulize, "Shikamoo bibi, huu unaota chini ya mti gani? Upo unaofanana nao msioula? Mnautofautishaje?" Bibi mwenye ujuzi atakupeleka kuuona ule mbaya, na somo la dakika hizo litakufaa kuliko picha nyingi. Akisema haujui, ujue umepata mwalimu wa kweli, na uache uyoga huo pale ulipo.

Kuna chaguo jingine ambalo silidharau hata kidogo, nalo ni kununua uliolimwa. Uyoga wa mamama, unaooteshwa kwenye mabua, pumba au mabaki ya pamba, unapatikana Dar es Salaam, Arusha na Moshi, na Nairobi kuna wa mamama na ule mweupe wa vifungo. Hauna ile ladha ya kina ya uyoga wa kichuguu, mchuzi wake hauna uzito uleule, na ni ghali kuliko ndoo ya barabarani. Lakini mtu mwenye watoto wadogo, asiye na ndugu wa kumfundisha, akiniuliza aanzie wapi, nitamwambia aanzie hapo.

Saa ya kwanza kuumwa

Hata dalili za sumu zina ulinganisho wake, na watu wengi huusoma kinyume. Anayeanza kutapika saa moja hadi tatu baada ya kula huogopesha nyumba nzima, naye kwa kawaida amekula kitu kama wa matamvua ya kijani. Anahitaji maji na chumvichumvi, na kama ni mtoto au mzee anahitaji hospitali upesi, lakini mara nyingi sumu hiyo huishia tumboni.

Anayeanza kuumwa baada ya saa sita, kumi na mbili au hata ishirini na nne ndiye wa kuogopewa. Muda mrefu hivyo huashiria amatoksini, inayozuia seli kusoma maagizo ya kutengeneza protini, hasa seli za ini. Hutapika na kuhara kwa nguvu kwa siku moja hivi, kisha hupata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo inayowapoteza wengi, kwa maana familia hushukuru na kumrudisha nyumbani huku ini likiendelea kufa. Kati ya siku ya tatu na ya tano macho huwa ya njano, na hapo madaktari hubaki na njia chache. Kofia moja ya ukubwa wa wastani inaweza kuwa na sumu ya kumuua mtu mzima.

Kutapika mapema pia hakuthibitishi kwamba mtu hakula phalloides, kama sufuria ilichanganya uyoga wa aina mbili. Kwa hiyo uyoga wa aina tofauti usipikwe pamoja, na kila unapopika wa porini acha mmoja mzima, haujaoshwa, na shina lake lote, pembeni.

Akiugua mtu, nendeni hospitali na uyoga ule mmoja ukiwa umefungwa kwenye karatasi, siyo mfuko wa plastiki unaouozesha upesi. Mwambieni daktari saa ya kula na saa dalili ilipoanza, na mti uliokuwa juu ya uyoga ule. Wote waliokula kwenye sufuria ile waende pamoja na mgonjwa, hata wale wanaojisikia wazima kabisa, kwa sababu huenda saa yao bado haijafika, na matibabu yanayoanza mapema ndiyo yenye nafasi ya kuliokoa ini.